Shih Tzu wangu ana miezi 8, ameingia joto, jirani anataka nimpandishe

Mama Nyegezi
Habari za jioni wakuu. Nina mbwa jike wa Shih Tzu, wale wadogo wa manyoya marefu, kilo 4 na nusu. Tangu juzi anatokwa damu, daktari wa mifugo kasema ni joto lake la kwanza. Jirani ana dume la German Shepherd, yale mambwa makubwa, ananisihi tuwapandishe tugawane watoto. Eti jike asipozaa hata mara moja ataugua. Nimemkatalia, lakini usiku sikupata usingizi, nampenda huyu mbwa na sitaki kumkosea. Halafu mchana anahema mno, nyumba yetu ni ya bati, haina dari.

Mfugaji wa Igoma
Dada, simama hapohapo. Hilo la lazima azae si kweli. Kinachowaua majike wengi ni usaha kwenye kizazi, na kinga yake ni daktari kumtoa kizazi.
Wangu nilisubiri afike mwaka na nusu, nikampandisha kwa Shih Tzu mwenzake wa kilo 5. Siku ya 62 uchungu ukaanza, mtoto wa kwanza akakwama. Hawa vichwa vyao ni vikubwa, nyonga ya mama nyembamba. Saa nane usiku nahangaika na gari nimpeleke akapasuliwe! Mama alipona, watoto wawili kati ya watatu wakapona. Hapo dume lilikuwa saizi yake. Sasa vuta picha hilo la jirani.

Binti Kirumba
Naongezea, maana hili liliniliza. Wangu wiki ya pili baada ya kuzaa alianza kutetemeka, miguu ikakakamaa kama mti. Kalsiamu ilikuwa imeshuka mno kwenye damu, imekwenda kwenye maziwa. Mimi nilikuwa nampa vidonge vya kalsiamu mimba nzima nikidhani namjenga! Daktari akanieleza kwamba ukimpa hivyo, mwili unazoea cha kuletewa, unashindwa kuitoa kwenye mifupa wakati wa kunyonyesha. Alimtundikia dripu ya kalsiamu polepole akisikiliza moyo, ndiyo akarudi.

Mzee wa Isamilo
Mwanangu, hiyo pua fupi haipozi mwili vizuri. Mtembeze alfajiri au jua likizama, umfunge mkanda wa kifuani, si wa shingoni. Mchana alale sakafuni penye upepo, maji yasikauke. Akihema hadi ufizi ubadilike rangi, mmwagie maji ya kawaida umkimbize kwa daktari.
Nywele zake hazikomi kukua, mkate fupi. Macho yametokeza, yafute kila siku. Dagaa mpe, ila osha mchanga na chumvi, na miiba ya sangara iwe mbali naye. Mkitoka kwenye majani ya ziwani mkague kupe hadi katikati ya vidole.
Na usimdai ulinzi. Huyu kaumbiwa kukaa na watu, ukimfungia bandani peke yake anadhoofika.

Mama Nyegezi
Wabeja sana, nyote. Jirani nimemweleza, kaelewa. Nimeziba kwa mawe pengo la chini ya geti. Nimlinde mpaka lini?

Mfugaji wa Igoma
Hesabu wiki 3 tangu damu ya kwanza, ongeza siku chache. Damu ikififia usidhani yameisha, ndipo anapolikubali dume. Hata haja ndogo mtoe kwa kamba.