Zege napima mimi, kwenye daftari naandikiwa "amesaidia ofisi". Nimechoka!

Wakuu, shkamooni mnaostahili, wengine mambo vipi. Naandika nikiwa kwenye daladala mikono inatetemeka kwa hasira kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Mimi nina miaka 26, nimesoma uhandisi ujenzi miaka 4, Bodi ya Usajili wa Wahandisi wameshanisajili kama injinia mhitimu na sasa niko SEAP. Kwa wasioijua, ni yale mafunzo ya miaka 3 kazini chini ya injinia mwenye usajili kamili, ukimaliza ndo na wewe unaomba usajili wa kitaalamu. Kila ulichofanya unaandika kwenye daftari, msimamizi anasaini. Bila saini yake hujafanya kitu, hata kama hilo ghorofa umelilinda usiku kucha peke yako.

Sasa msimamizi wangu siku ya kwanza kaniona kasema "karibu, saiti itapendeza sasa hivi". Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Mjinga mimi. Wiki ya pili nikapewa kuandika mihtasari ya vikao vyote eti wanawake tuna mwandiko mzuri, na mihtasari yenyewe nachapa kwenye laptopu!! Mwandiko gani huo jamani? Ikaja chai. Nakusanya hela, naenda kwa mama ntilie naagiza vikombe 14, chapati mbili mbili, cha konsaltanti kisiwe na sukari. Vijana watatu tumeajiriwa mwezi uleule mmoja, wawili wanaume, hakuna siku hata moja wao wamehesabu vikombe. Choo kipo kimoja na komeo lake bovu, kwa hiyo navuka barabara kwenda kuomba kwa huyohuyo mama ntilie, nikirudi naulizwa "ulikuwa unapiga selfi?". Gambuti nimepewa namba 43, navaa 38, ndani soksi pea tatu kwenye joto hili la Dar. Hayo yote nimeyameza.

Ila ya juzi Alhamisi imenishinda. Tunamwaga zege la nguzo, gari limechelewa, dereva alikwama foleni ya Mandela. Nikachukua koni nikapima slampu, yaani zege limelegea kiasi gani, kama inavyotakiwa, tabaka tatu, kila tabaka unasindilia mara 25, unasawazisha juu, unavuta koni taratibu. Zege likaanguka kama uji wa mgonjwa. Nasoma milimita 190 na spesi, yaani masharti ya kazi, inataka 75 mpaka 125. Namuuliza dereva, anakiri kabisa kwamba aliona linaanza kukaza akafungulia maji njiani. Nikasema gari lirudi. Foromani ananiangalia hivi, anasema "binti sogea kivulini jua litakuharibu ngozi", afu anawapungia mkono watu wa pampu waanze. Nampigia msimamizi, jibu lake "mwachie foromani huyo ana miaka 20 saiti".

Pale pembeni kuna dogo wa fildi, mwaka wa tatu chuo, anashika ile fimbo ya kusindilia ambayo Jumatatu yake MIMI ndo nilimfundisha kuishika. Dogo kwa sauti ya chini akasema mzee hili maji yamezidi, kyubu zitafeli (vile vipande vya zege vya kupimwa nguvu). Foromani kanyamaza, kachovya kijiti kwenye zege, kageuka kasema "dogo ana akili huyu, rudisheni gari". Dakika tano hazijapita tangu niseme mimi maneno yaleyale! Jioni kwenye kikao dogo kapigiwa makofi na muhtasari wa makofi hayo nimeuandika mimi. Dogo mwenyewe kanitumia meseji "samahani sista". Sina kinyongo nae, ni mtoto mzuri. Kidogo tu labda ninacho.

Leo ndo napeleka daftari lisainiwe. Niliandika: kusimamia umwagaji wa zege la nguzo, kupima slampu, kukataa gari moja. Msimamizi kachukua kalamu nyekundu kapiga mstari, kaandika juu yake "amesaidia shughuli za ofisi ya saiti". Namuuliza kwa adabu zote, anasema kukataa gari ilikuwa uamuzi wa foromani, mimi nisijitwishe mambo. Nimekaa hapa kwenye siti nimefungua kurasa za nyuma kuhesabu, "amesaidia ofisi" ipo mara 31 ndani ya miezi 9. Mengine nilikuwa naona kalamu imepita nasema labda ndo utaratibu. Yaani bodi wakija kulisoma hili daftari wataona mhudumu. Ila Bodi ya Mikopo kwenye mshahara wangu wanakata 15% zao kila mwezi, huko sijasaidia ofisi, huko ni injinia kamili.

Na kabla hamjauliza, hapana, hajanitongoza. Najua mnapenda kuanzia hapo. Angenitaka kimapenzi ili asaini angalau ingekuwa na jina, rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007, TAKUKURU wanaijua. Hii ya kufutwa kwa kalamu kila wiki unaenda kuisemea wapi? Sheria ya Ajira ya 2004 kifungu cha 7 inakataza ubaguzi wa jinsia kazini nimeisoma, na najua CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ipo. Ila mkataba wangu ni wa miezi sita sita na wa kuuongeza ni msimamizi huyohuyo. HR nilishaenda mwezi wa tano, dada mwenzangu kabisa, kaniambia "mdogo wangu hata mimi nilianza hivyohivyo". Sasa ndo iwe nini?

Mtu mmoja tu pale saiti ananiita injinia, mzee fundi nondo wa Mbagala, na anauliza kabla ya kufunga. Wenzie wanamtania eti anataka kuoa mke wa pili.

Kwa hiyo swali langu kwa mainjinia humu, hasa kina dada: kuna aliyewahi kubadilisha msimamizi katikati ya SEAP? Hii miezi 9 inahesabika au naanza upya? Picha za slampu ninazo zote kwenye simu, na daftari nimelipiga picha kila ukurasa na wino wake mwekundu. Vina thamani yoyote mbele ya bodi? Wale wa "vumilia dada ndo kazi zilivyo" naomba mpite tu.

Jumatatu tunamwaga slabu ya ghorofa ya nne. Meseji imeingia sasa hivi kutoka kwa foromani nikadhani ni ratiba ya magari. "Chai kesho kutwa watu 22."