Mjadala: Polisi wa London wawajibike kwa nani, Waziri au jiji lenyewe?

Mleta mada:

Ndugu wachangiaji, Februari 2022 Kamishna wa Polisi wa London, Cressida Dick, alitangaza kwamba anaachia ngazi kwa sababu Meya Sadiq Khan hakuwa na imani naye tena. Oktoba 2008 Ian Blair alikuwa ameondoka kwa mlango huohuo, siku moja tu baada ya Meya wa wakati ule, Boris Johnson, kushika uenyekiti wa mamlaka iliyosimamia jeshi hilo. Katika visa vyote viwili Meya hakuwa na nguvu ya kisheria ya kumfukuza Kamishna peke yake. Kamishna huteuliwa na Mfalme au Malkia kwa pendekezo la Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye anatakiwa kuzingatia maoni ya Meya, na hata kumsimamisha kazi kunahitaji ridhaa ya Waziri huyo. Kwa hiyo Kamishna ana mabwana wawili, mmoja ameshika kalamu ya uteuzi na mwingine ameshika bajeti na mpango wa kazi, na akikosana na mmoja wao anaondoka bila tuhuma zake kusikilizwa popote. Hoja ninayoleta ni kwamba polisi hawa wakabidhiwe jiji moja kwa moja, Waziri ajitoe.

Nianze na chimbuko. Mwaka 1829, Robert Peel alipopitisha sheria ya kuunda polisi wa London akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliwaweka chini yake mwenyewe, na kwa wakati ule alikuwa na sababu. Nje ya ule mji mkongwe wa kati unaoitwa City, London haikuwa na serikali ya jiji. Kulikuwa na utitiri wa parokia, yaani maeneo madogo ya utawala yaliyofuata mipaka ya makanisa, kila moja na walinzi wake wa usiku, na mwizi aliyevuka barabara moja aliweza kuwa ameshatoka kwenye himaya ya mlinzi aliyekuwa akimfukuza. Peel akateua makamishna wawili, Charles Rowan aliyekuwa mwanajeshi na Richard Mayne aliyekuwa mwanasheria, wakapewa ofisi namba 4 Whitehall Place. Mlango wa nyuma wa jengo hilo ulitokea Great Scotland Yard, na jina la uchochoro huo likalimeza jina la jeshi lenyewe. Jiji likagawanywa katika divisheni 17, na kila moja ilipangiwa mrakibu mmoja, wakaguzi 4, masajenti 16 na makonstebo 144.

Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro ilikuwa kwenye malipo, maana wakazi walitozwa kodi ya polisi isiyozidi peni 8 kwa kila pauni ya thamani ya pango, na parokia zikaipeleka kwa jeshi ambalo hazikuwa na sauti ndani yake hata kidogo. Wenye mamlaka walijua kwamba raia wanawatilia shaka. Ndiyo maana konstebo alivalishwa koti la buluu lenye mkia na kofia ndefu ya kiraia, asije akafanana na askari wa jeshi wa koti jekundu, na kwenye kola yake ikashonwa herufi ya divisheni na namba yake ili anayetaka kumshtaki ajue amshtaki nani. Baadaye akaongezewa utepe wa mistari kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, ambao aliufunga akiwa zamu na kuufungua akimaliza. Utepe huo mdogo hunivutia kuliko sheria nzima, kwa sababu unaonyesha kwamba watu walitaka kujua kwa kutazama tu kama huyu aliye mbele yao ni polisi kazini au jirani anayekwenda zake.

Hata hivyo uaminifu haukuja upesi. Tarehe 13 Mei 1833 konstebo Robert Culley alichomwa kisu akafa katika mkutano wa kisiasa wa Coldbath Fields, na jopo la wakazi lililochunguza kifo hicho likaamua kwamba aliyemuua alikuwa na haki, kwa kuwa polisi walivamia umati bila kuwaamuru kwanza watawanyike. Uamuzi ulitenguliwa baadaye, lakini wale wajumbe wa jopo walikwisha kusherehekewa kama mashujaa. Sisemi kwamba walikuwa sahihi. Nasema kwamba watu wasiokuwa na chombo cha kupelekea malalamiko yao waliutumia uchunguzi wa kifo kupitisha hukumu juu ya jeshi zima.

Sababu ya Peel ilikufa mwaka 1889, London ilipopata baraza lake la kuchaguliwa. Serikali haikuachia. Novemba 18, 1910, wanawake wapatao 300 waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura waliandamana kwenda Bungeni, wakapigwa na kudhalilishwa na polisi kwa karibu saa sita. Walioomba uchunguzi wa wazi walikataliwa na Winston Churchill, ambaye ndiye aliyekuwa Waziri na ndiye aliyekuwa msimamizi wa polisi hao. Wangekata rufaa kwa nani? Waziri aliendelea kuwa mamlaka pekee ya polisi wa London hadi mwaka 2000, ndipo likaja jopo la usimamizi, kisha Januari 2012 ofisi ya Meya ya polisi na uhalifu. Miaka 171 ni mingi mno kwa jambo lililoanza kwa sababu ya muda.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, nakushukuru, ila umewaonyesha wasomaji upande mmoja wa shilingi. Tangu 1835 miji mingine ya Uingereza ilikuwa na kile unachokiombea London, yaani polisi chini ya kamati ya madiwani. Tazama Nottingham mwaka 1959. Mkuu wa polisi wa mji huo, Athelstan Popkess, alianza kuchunguza tuhuma zilizowagusa madiwani, kamati ikamtaka atoe taarifa ya uchunguzi huo, akakataa, ikamsimamisha kazi. Waliokuwa wakichunguzwa na waliokuwa wakisimamia walikuwa meza moja! Aliyemrudisha kazini ni Waziri wa Mambo ya Ndani, huyohuyo unayetaka ajitoe. Kisa hicho ni mojawapo ya vilivyozaa tume ya kifalme ya 1960 na sheria ya polisi ya 1964, iliyoupunguzia uwezo usimamizi wa madiwani.

Ukivuka bahari mambo ni mabaya zaidi. New York iliunda polisi wake mwaka 1845 kwa kuiga London, lakini ikawaweka mikononi mwa wanasiasa wa jiji, hadi kazi ya upolisi ikawa zawadi ya kampeni. Mwaka 1857 bunge la jimbo likaunda jeshi jipya kuchukua nafasi yao, Meya Fernando Wood akagoma kulivunja la kwake, na mwezi Juni majeshi mawili ya polisi yakapigana marungu kwenye ngazi za ofisi ya Meya, upande mmoja ukiwa na hati ya kumkamata na mwingine ukimlinda, mpaka kikosi cha wanajeshi kikaingilia. Mwananchi aliyeibiwa siku hiyo sijui angemwita nani.

Mahakama ya Uingereza ilikwisha kusema mwaka 1968, katika kesi ya Blackburn dhidi ya Kamishna huyuhuyu wa London, kwamba Kamishna si mtumishi wa yeyote ila sheria. Mabwana wawili unaowalalamikia ndio ngao yake, kwa sababu kila mmoja anamzuia mwenzake. Na kisa cha Dick kinanisaidia mimi kuliko wewe, kwani mapitio yaliyofanywa na Tom Winsor, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa polisi, baadaye mwaka ule yalieleza kwamba utaratibu wa haki haukufuatwa, na aliyeukiuka ni upande wa Meya.

Mchangiaji wa pili:

Waheshimiwa, mnagombania kiti cha juu, na anayeteseka yuko kituoni. Someni taarifa ya Louise Casey ya Machi 2023 kuhusu polisi hawa wa London, iliyotokana na mauaji ya Sarah Everard yaliyofanywa na polisi aliyekuwa bado kazini. Humo mna jokofu la kuhifadhia ushahidi wa makosa ya ubakaji lililosheheni kupita kiasi, lingine likaharibika katika joto kali la 2022 na sampuli zote zilizokuwamo zikalazimika kutupwa. Mwathirika aliyekubali kupimwa siku mbaya kuliko zote maishani mwake, ushahidi wake umeoza kwa sababu ya jokofu bovu. Je, hilo ni kosa la Waziri au la Meya?

Mimi nalitazama kama suala la muundo. Zamani kila moja ya wilaya 32 za London ilikuwa na kamanda wake, mtu unayeweza kumtaja na kumfuata ofisini. Kwa ajili ya kubana matumizi zikaunganishwa kuwa kanda 12, na kamanda mmoja sasa anashika wilaya mbili, tatu au nne. Casey alieleza wazi kwamba polisi wa mitaani ndio waliokamuliwa huku vikosi maalumu vikilindwa. Rudisheni makamanda wa wilaya kwanza, ndipo tujadili nani awateue wakubwa zao.

Mleta mada:

Nawashukuru nyote. Kisa cha Popkess nakikubali, na nakiri kwamba nilipaswa kukileta mwenyewe. Lakini ndugu yangu, tatizo la Nottingham lilikuwa kamati kuingilia uchunguzi, na hilo hukatazwa kwa sheria bila kujali msimamizi ni nani. Waziri naye si malaika. Januari 1911 Churchill alikwenda mwenyewe Sidney Street, akasimama kwenye kona na kofia yake ndefu kutazama polisi na wanajeshi wakirushiana risasi na watu waliojifungia ndani ya nyumba, na nyumba ilipowaka moto akaunga mkono zimamoto wasiuzime. Balfour, kiongozi wa upinzani, alisema Bungeni kwamba anaelewa mpigapicha alikuwa akifanya nini pale, ila Waziri alikuwa akifanya nini? Wanasiasa wa taifa hupenda kirungu sawasawa na wa jiji.

Kwa mchangiaji wa pili, maneno yako yamenisogeza mahali sikuwa nimefika. Vikosi unavyosema vililindwa, sehemu kubwa si vya London. Polisi hawa ndio kitovu cha mapambano ya ugaidi kwa taifa zima, na ndio wanaolinda ukoo wa kifalme, Bunge na balozi za nje. Waziri hang'ang'anii London kwa ajili ya wizi wa simu huko Croydon. Anang'ang'ania kwa sababu ya kazi hizo, na Kamishna asubuhi anapanga foleni ya mambo yake kwa kufuata ukubwa wa anayepiga simu. Kwa hiyo narekebisha hoja yangu. Kazi za taifa ziondolewe zipewe chombo cha taifa, kama uhalifu mkubwa wa kupangwa ulivyopewa shirika lake mwaka 2013, kisha kinachobaki kikabidhiwe jiji. Wanaosema haiwezekani wakumbuke kwamba City, ule mji mkongwe wa takriban maili moja ya mraba, una polisi wake chini ya baraza lake tangu 1839, katikati ya London hiyohiyo.

Na kumwondoa Kamishna kusiwe kwa minong'ono wala kwa simu ya jioni. Meya aandike tuhuma, Kamishna ajibu kwa maandishi, na wajumbe wa Baraza la London, waliochaguliwa na wakazi kumsimamia Meya, wawasikilize wote wawili hadharani kabla ya kupiga kura. Ndugu mchangiaji wa kwanza, nakurudishia kisa chako mwenyewe: madiwani wa Nottingham wangethubutu kumsimamisha Popkess, kama wangelazimika kusimama mbele ya watu na kutaja sababu?