Je, ni haki kumpeleka mtu Mirihi kwa mwili huu tulionao?

Wakuu, naleta hoja mezani, na msimamo wangu nautaja mapema: kwa hali ilivyo leo, mtu asiende kwenye sayari ya Mirihi. Roboti ziendelee na kazi.

Najua jibu la kwanza litakuwa, "Mbona watu wanakaa miezi sita kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga na wanarudi wazima?" Wanarudi, kweli, ila tazameni wanavyorudi. Mwanaanga Mmarekani Frank Rubio alipangiwa miezi sita, mfumo wa kupoozea chombo ukavuja, akajikuta amekaa siku 371. Septemba 2023 alitua Kazakhstan. Hapo kuna timu nzima inayosubiri: inafungua mlango, inambeba mtu, inamketisha kitini, daktari yuko pembeni.

Huko juu mifupa haina mzigo wa kubeba, basi mwili unaanza kuimega. Bila mazoezi ya kutosha, nyonga hupoteza kama asilimia 1 ya madini yake kila mwezi, ndiyo maana wanafanya mazoezi karibu saa 2 kila siku. Maji ya mwilini hupanda kichwani. Uso unavimba, miguu inakonda, na kwa baadhi yao mshipa wa fahamu wa jicho huvimba hadi kusoma kunakuwa shida. Mwaka 2020 madaktari walieleza kisa cha mwanaanga aliyegandiwa na damu kwenye mshipa wa shingo akiwa kituoni. Daktari alimwongoza kutoka duniani, na dawa nyingine ikapelekwa kwa chombo cha mizigo. Mirihi dawa hiyo ingefika lini? Hata salamu tu, sayari zikiwa mbali, huchukua zaidi ya dakika 20 kufika.

Kinachonitisha zaidi ni miale hatari ya angani inayopenya mwilini. Kituo kiko kilomita 400 hivi tu juu yetu, bado kinakingwa na usumaku wa Dunia. Njia ya Mirihi haina kinga hiyo. Kifaa kilichosafiri na Curiosity, roboti iliyopelekwa Mirihi, mwaka 2011 na 2012 kilipima miale hiyo njiani: kwa vipimo vyake, kwenda na kurudi peke yake ni kama milisiverti 660 (kizio cha kupimia miale inayoingia mwilini). Kikomo alichowekewa mwanaanga wa NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 2022, kwa maisha yake yote ya kazi, ni 600. Na hapo jua liwe limetulia. Agosti 1972, katikati ya Apollo 16 na Apollo 17, safari za Wamarekani kwenda Mwezini, lilirusha dhoruba kali ya miale. Ni bahati tu kwamba hapakuwa na mtu njiani.

Wengine watasema wamejitolea wenyewe, kama mabaharia wa zamani waliovuka na kaskazi bila uhakika wa kurudi. Lakini nahodha wa jahazi alivuta hewa ileile ya nyumbani, na bandari za kujisitiri zilikuwapo. Safari ndefu kuliko zote za Apollo ilikuwa siku 12 na ushee. Anayeridhia miaka miwili au mitatu ya safari ya Mirihi ameridhia kitu ambacho hakuna mwili uliowahi kukipitia.

Mvuto wa Mirihi ni kama asilimia 38 ya wetu, utamsaidia kidogo, nakubali. Sasa anayetaka twende anijibu: mtu ametua huko baada ya miezi saba akielea, magoti hayamshiki, kichwa kinazunguka. Nani anafungua mlango na kumbeba?