Nyumba ya Guka: Kuku Bado Analalia

Kikundi cha simu cha familia, baada ya Krismasi nyumbani kwa Guka na Shosho (babu na bibi) huko Nakuru. Watoto wao ni Kamau, Wanjiru, Njoki na Mwangi; Baba Ochi ni mume wa Njoki, Mama Kim ni mke wa Kamau. Kuku wa nyumbani ameachwa akilalia mayai.

Jumamosi, 27 Desemba 2025

Kamau: Tumefika Nairobi. Saa nane usiku. Gilgil hadi Naivasha ilikuwa mwendo wa kobe, watoto walilala, wakaamka, wakalala tena, na bado tulikuwa palepale.

Shosho: Mungu asifiwe. Mmekula?

Kamau: Mama, ni saa nane usiku.

Shosho: Si mlibeba chapati

Kamau: Chapati hazikuvuka Kikopey.

Wanjiru: 😂😂 Zote kumi na nane?

Kamau: Foleni inaleta njaa.

Njoki: Sisi tulifika Kisumu jua bado liko juu. Joto jamani! Nakuru nimelala na blanketi mbili, hapa nimefungua madirisha yote na bado najipepea na kifuniko cha ndoo.

Baba Ochi: Habari za asubuhi Baba na Mama. Tumefika salama. Tunashukuru sana kwa mapokezi, na kwa ile minji (njegere). Mungu awazidishie.

Guka: Ahsante sana mkwe wetu. Karibuni tena.

Njoki: KUKU AMETOKA

Njoki: Huyo ni Ochi, amenipokonya simu. Anauliza kama kuku ametoka kwa mayai. Mwangi mjibu tafadhali, ameuliza tangu Kericho.

Mwangi: Ochi, kuku hajatoka. Yuko kwa karai, amenuna. Nimepeleka mkono nimpe mahindi akanidonoa.

Njoki: Nimemsomea. Amesema vizuri sana.

Jumapili, 28 Desemba

Mwangi: Vitu vilivyobaki hapa, wenyewe mjitokeze: soksi za mtoto tatu, zote tofauti. Chaja nyeupe. Sidiria moja sitaji rangi. Kofia ya Kim. Miwani ya kusoma.

Wanjiru: Kwani sidiria lazima uitangaze kwa kikundi Baba akiwa ndani??

Guka: Miwani ni yangu. Iko wapi?

Mwangi: Kichwani kwako Baba. Nilikuwa naongelea nyingine.

Shosho: Na mimi nauliza mikebe yangu. Ile ya siagi na ule mkubwa wa bluu wenye kifuniko cha kubonyeza. Nilipakia maharagwe, sikusema ni zawadi

Njoki: Sisi tulipewa kwa mfuko.

Wanjiru: Mimi naishi hapa Lanet, ningeiba mkebe nionekane kila Jumapili?

Shosho: Kamau

Shosho: Kamau naona umesoma

Ijumaa, 2 Januari 2026

Guka: Leo jioni tutapima mayai. Kuku aliwekewa siku ya Boksing Dei, kwa hivyo leo ni siku ya saba. Yai lenye mbegu litaonekana. Mwangi atatafuta katoni.

Kamau: Heri ya mwaka mpya kwanza Baba.

Guka: Nilikwisha kuwaombea nyote kanisani.

Njoki: Baba ngoja Ochi atoke kuoga, amesema lazima aone. Tupigie kwa video.

Mwangi: Video itakula bando langu lote, nitarekodi vipande. Na huyu kuku hatoki hadi akiamua. Anatoka mara moja tu kwa siku, anakula mbiombio, anaoga vumbi kidogo, anarudi. Tutamvizia hapo.

Saa moja baadaye:

Mwangi: Sawa. Tumezima taa jikoni. Katoni nimetoboa shimo dogo, simu iko ndani na tochi imewaka, yai unalikalisha juu ya shimo. La kwanza hili hapa. [Video]

Njoki: Ngai! Ni nini hiyo inatingishika?

Guka: Hicho ndicho kifaranga. Tazama lile doa jeusi, na hiyo mishipa myekundu inayotoka kila upande. Upande mpana wa yai kuna nafasi tupu, hiyo ni hewa yake.

Wanjiru: Mimi nimekula mayai miaka yote hii na sijawahi kuona haya. Mwanangu Wambui ameshika mdomo.

Baba Ochi: Baba, kuna mengine hayana doa?

Guka: Swali zuri. Mawili kati ya kumi na moja ni meupe tu, mwanga unapita mpaka upande wa pili. Hayakuwa na mbegu. Yatatolewa, yakikaa kwa joto hilo yataoza na yanaweza kupasuka chini ya kuku.

Kamau: Jogoo ajieleze. Tulimsamehe asichinjwe Krismasi kwa sababu ya machozi ya Ochi, sasa alama ni tisa kwa kumi na moja.

Shosho: Alama nzuri kuliko zako za hesabu

Wanjiru: 😂😂😂 Mama!

Njoki: Ochi anauliza hayo mawili yatazikwa wapi.

Shosho: Mwambie Shosho atayapeleka shambani

Mwangi: Kweli, nimechimba kando ya migomba.

Jumanne, 6 Januari

Wanjiru: Njaanuari imefika kwangu rasmi. Wambui anaingia Gredi ya 10 wiki ijayo, na hii orodha ya shule nimeisoma mara mbili nikidhani nimechanganya na ya harusi. Godoro, sanduku, ndoo mbili, shuka za rangi moja tu, viatu jozi mbili, raba, sweta, na sweta nyingine ya michezo. Watoto hawa ndio wa kwanza kuingia Gredi ya 10 nchi nzima, hata huna dada yake wa kumrithi vitabu.

Kamau: Sanduku langu la Kidato cha Kwanza bado liko kwa stoo ya Mama.

Shosho: Liko. Nimewekea mbegu ya mahindi

Wanjiru: Mama unaweza kuhamisha mbegu?

Shosho: Nimehamisha jana. Mwangi amelisugua na kupaka rangi. Kufuli inafunga. Jina la Kamau halikutoka vizuri lakini limefunikwa na la Wambui

Mwangi: [Picha] Linasomeka KAMBUI ukilitazama kwa jua.

Wanjiru: Nimelia kidogo jamani. Asanteni.

Kamau: Nimekutumia kitu kidogo kwa M-Pesa. Usishukuru hapa, mke wangu yuko ndani ya kikundi na hii ilikuwa pesa ya pazia.

Mama Kim: Nimeona.

Baba Ochi: Shemeji, na sisi tumetuma ya viatu. Mtoto aende vizuri.

Guka: Mimi na Mama yenu tutamsindikiza Jumatatu. Tutavaa vizuri.

Alhamisi, 8 Januari

Njoki: Mama nimetuma mzigo na matatu ya saa mbili asubuhi. Dereva anashusha kwa steji, Mwangi awe hapo saa saba. Kuna maembe ya soko la Kibuye, ni matamu lakini mengine yameiva sana, kuleni hayo kwanza. Na kilo moja ya omena (dagaa), Baba Ochi ameichagua mwenyewe, imekaushwa vizuri haina mchanga.

Guka: Zamani mzigo wa Kisumu ulikuja kwa treni, na ulifika na orodha yake imepigwa muhuri. Reli ilifika huko mwaka wa 1901.

Kamau: Nilikuwa nahesabu dakika. Reli imetajwa kabla ya saa tatu.

Guka: Iliyowalisha na kuwasomesha itatajwa.

Mwangi: Mzigo nimeshika. Embe mbili hazikufika nyumbani, zilikuwa zimeiva sana kama alivyosema dada.

Shosho: Hii omena nitaipika aje. Ile siku ya kwanza nilipika ikawa uji, Guka akala kwa heshima tu

Guka: Nilikula kwa upendo.

Baba Ochi: Mama, kwa ruhusa yako. Iloweke kwa maji ya moto kidogo tu, uioshe mara mbili, uikamue. Halafu iweke kwa sufuria kavu bila mafuta, uikoroge polepole mpaka usikie inachakarisha na maji yamekauka kabisa. Hapo ndipo unaweka mafuta, kitunguu, kisha nyanya nyingi. Ukipenda mwishoni maziwa kidogo. Usiifunike, ukiifunika inalainika.

Shosho: Nilifunika

Shosho: Ndio maana

Wanjiru: Miaka saba ya ndoa na leo ndio Mama ameuliza 😂

Usiku:

Shosho: [Sauti, 0:47]

Mwangi: Kwa wasio na bando: Mama anasema omena imekubali. Aliiweka maziwa. Guka ameongeza ugali mara mbili na amekataa kusema kitu, anatikisa kichwa tu. Mama Chebet wa hapo kwa jirani aliingia kuomba chumvi akakaa akala. Sasa hata yeye anataka kuagiza.

Baba Ochi: Nimefurahi sana Mama 🙏🏾

Jumapili, 11 Januari

Guka: Tangazo. Upepo wa Januari umeanza na vumbi lake, na huu ndio wakati ugonjwa wa kideri (Newcastle) hupita kwa kuku. Mama Chebet amepoteza wanne tayari. Tumekubaliana majirani watatu tununue chanjo pamoja, kwa sababu chupa moja inatosha kuku mia moja na ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Kila kuku tone moja kwa jicho. Mwangi ndiye daktari.

Kamau: Nilidhani anasomea biashara huko Njoro.

Mwangi: Nimekimbiza jogoo kuzunguka nyumba mpaka watoto wa jirani wakaanza kushangilia. Mambo ya Moroko hayafiki hapa. Huku ndiko kulikuwa na Kombe la Afrika.

Kamau: Na hapo pia Kenya haikufuzu?

Mwangi: Nilimshika dakika ya tisini kwa choo.

Njoki: Na anayelalia?

Guka: Naye amepewa hukohuko kwa karai, usiku, akiwa mtulivu. Vifaranga watapata yao wakishatoka.

Jumatatu, 12 Januari

Wanjiru: Ameingia. Hajalia. Mimi ndio nimelia. Mwalimu wa zamu alisoma KAMBUI kwa sauti mbele ya watu wote.

Kamau: 💀

Alhamisi, 15 Januari

Mwangi: Nyamazeni kidogo niwaambie kitu. Nimeinama kwa karai kuweka maji na nimesikia sauti ndani ya yai. NDANI. Bado halijapasuka.

Njoki: Unadanganya.

Mwangi: Shosho amesikia pia. Amevuta kigoda amekaa hapo, ugali unaungua.

Guka: Asiguse mtu. Kifaranga hujitoboa mwenyewe, anaweza kuchukua hata usiku mzima. Ukimbandulia ganda mapema atatoka damu. Nimemwambia Mwangi na nimemwambia Mama yenu.

Shosho: Sijagusa

Mwangi: Alikuwa amenyoosha kidole.

Ijumaa, 16 Januari

Mwangi: [Picha] Saa kumi na mbili na nusu. Tazameni yai la mbele. Hicho kitu cheupe kwenye ncha ya mdomo ndicho anachotobolea. Anagonga, anapumzika, anagonga. Amezunguka karibu yai zima.

Wanjiru: Niko kwa foleni ya matatu nimepiga kelele, watu wamenigeukia.

Mama Kim: Huku Kim amekataa kupanda basi la shule hadi atoke.

Mwangi: [Video] Ametoka! Ni mbaya jamani, amelowa, shingo haijashika. Mama anasema hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Shosho: Wewe ulikuwa mbaya zaidi

Njoki: Ochi yuko shule, mwalimu amekataa simu. Nitamwonyesha saa saba akija kula. Msitaje ni wangapi kwanza, anataka kuhesabu mwenyewe!

Kamau: Ni wangapi?

Njoki: KAMAU.

Saa saba unusu:

Njoki: WATANO

Njoki: WATANO NA MWINGINE MIGUU IKO CHINI YA MAMA

Mwangi: Umehesabu vizuri Ochi, sita. Na yai moja limeanza kupasuka.

Jioni:

Guka: Taarifa ya mwisho ya leo. Vifaranga saba. Mayai mawili hayajaonyesha kitu, yatakaa chini ya mama yao hadi kesho jioni. Wale saba wamekauka, wananyonya joto, leo hawahitaji chakula kwa sababu bado wana kiini cha yai tumboni. Kesho wataanza na chenga za mahindi. Kila mjukuu atakuwa na wake mmoja, na wanaobaki ni wa nyumba.

Kamau: Wa Kim atakuwa tayari Pasaka?

Njoki: HAKUNA KUKULA

Baba Ochi: Baba, nauliza kwa heshima, anaweza kusafirishwa kwa matatu akikua? Hapa nyumbani tumeshaanza kutafuta katoni.

Shosho: Kuku haendi Kisumu. Nyinyi ndio mkuje. Nauli imeshuka

Njoki: Mama umejuaje nauli imeshuka?

Shosho: Nimeuliza steji

Kamau: Na sisi wa Nairobi?

Shosho: Hamjafungiwa barabara. Mkija leteni mikebe

Mama Kim: Imeoshwa iko kwa mlango Mama. Huyu mtu huipita kila asubuhi.