Naomba ushauri, mdogo wangu wa kike kaitiwa pambano
Wadau habari za saa hizi, niko Tanga, Makorora. Mdogo wangu ana miaka 19, anapiga ngumi mwaka wa pili sasa, kila jioni anafunga bandeji mikononi anashambulia begi lililojazwa matambara mpaka kamba inalia. Ilianza alipoona pambano la Katie Taylor na Amanda Serrano, 2022 Madison Square Garden, wanawake ndo pambano kuu na ukumbi umejaa, tangu hapo hasikii haambiwi. Sasa kuna promota anataka apigane raundi 6 kwenye tamasha la muziki, mpinzani kamzidi kilo 7, eti watu wanataka burudani tu, na daktari wa kumpima hata hatajwi. Mama kagoma kabisa. Mi namsapoti sana ila hapa roho inasita, sawa raundi za wanawake kwenye ngumi za kulipwa kwa kawaida ni dakika 2 lakini kilo 7 jamani! Nauliza, si bora aanzie ngumi za ridhaa, maana hata Olimpiki wanawake wanapigana tangu London 2012? Na promota tumkatalie vipi binti asivunjike moyo? Mliopitia nisaidieni, jibu linatakiwa Ijumaa.