Mchungaji asome chuo cha Biblia kwanza ndipo awekewe mikono? Tujadili

Mwanzisha mada

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kuna makanisa yasiyomwekea mtu mikono, yaani kumsimika kuwa mchungaji, mpaka awe na diploma ya theolojia, na kuna mengine yanayoona wito unatosha. Mimi msimamo wangu ni huu: chuo kisiwe mlango wa utumishi. Mtu aanze kuhudumu chini ya mchungaji mzoefu, na masomo yamkute kazini.

Someni Matendo 14. Paulo na Barnaba wanarudi Listra, Ikonio na Antiokia, miji ileile waliyofukuzwa na kupigwa mawe, na katika kila kanisa wanaweka wazee. Waumini wale walikuwa bado wachanga kabisa, lakini kundi halikuachwa likisubiri mhitimu kutoka mbali. Seminari tunazozijua leo zilikuja baadaye sana. Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, alifungua akademia yake Geneva mwaka 1559, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ukaagiza seminari katika kila dayosisi mwaka 1563.

Tazameni pia Marekani mwanzoni mwa karne ya 19. Uamsho ulipowaka Kentucky na Tennessee, waliookoka wakawa wengi kuliko wahubiri waliokuwepo wangeweza kuwahudumia. Wapresbiteri wa huko wakaanza kuwaruhusu wahubiri wasio na elimu ya juu, wakubwa wao wakakataa, na ugomvi huo ukachangia kuzaliwa kwa kanisa la Cumberland Presbyterian mwaka 1810. Wamethodisti hawakungoja. Waliwatuma wahubiri waliozunguka kwa farasi, na mwaka 1816 mkutano wao mkuu ukaamua wanaojiandaa kwa utumishi wapewe mpango wa masomo wa kufuata wakiwa kazini. Walienea haraka kuliko waliodai shahada kwanza.

Karibuni, wenye hoja.

Mchangiaji wa pili

Mtumishi, umeitaja Trento ukairuka sababu yake. Waliagiza seminari kwa kuwa mapadre wengi walikuwa hawajui wanachokifundisha, na waumini ndio walioumia. Upako haufuti ujinga. Paulo huyohuyo anamwonya Timotheo asimwekee mtu mikono kwa haraka, na askofu asiwe mtu aliyeongoka karibuni. Mbona hizo umeziacha?

Na msituletee Spurgeon, yule mhubiri maarufu wa Kibaptisti wa Uingereza, kila mara. Ni kweli alianza uchungaji akiwa na miaka 17 bila kupita chuo cha theolojia. Lakini mwaka 1856, akiwa bado kijana, alianzisha mwenyewe chuo cha wachungaji London. Kama karama ingetosha, angejisumbua kwa nini?

Wewe ungekubali kupasuliwa na mtu anayejifunzia kazini?

Mwanzisha mada

Kila daktari wa upasuaji amejifunzia kazini, mpendwa, tena mkubwa wake akiwa amesimama pembeni. Hicho ndicho ninachokiomba.

Spurgeon ananisaidia kuliko anavyokusaidia. Alianzisha chuo akiwa mchungaji tayari, na aliwataka watu ambao walikuwa wameshaanza kuhubiri. Utumishi ulitangulia darasa.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mwinjilisti, naomba niseme la shambani. Watu wakiokoka, Jumapili inayofuata nani anawafundisha? Mwenye uwezo kati yao ana mke, watoto na kazi. Ukimwambia aende chuo cha bweni miaka mitatu, familia inaachwa nyuma. Na wengine wakishahitimu hawarudi walikotoka.

Wapresbiteri wa Guatemala waliligundua hilo. Mwaka 1963 wakaanza kumpeleka mwalimu kwa mwanafunzi: mtu anajisomea nyumbani kwa vitabu vilivyoandikwa kwa ajili hiyo, kisha kwa vipindi anakutana na mwalimu karibu na kwake. Njia hiyo imesambaa nchi nyingi, na walengwa walikuwa watu ambao tayari wanaliongoza kundi.

Lakini ndugu yangu mwanzisha mada, unaongea kana kwamba wachungaji wazoefu wanangoja kwa hamu kulea vijana. Wengi hawalei, wanatafuta wa kubebewa mkoba wa Biblia. Kijana akihubiri vizuri mara mbili anaondolewa kwenye ratiba, naye akichoka anaenda kufungua kanisa lake peke yake bila mtu wa kumkosoa. Huyo ndiye tunayemlaumu baadaye kwamba hakusoma!

Mchangiaji wa pili

Hapo ndipo chuo kinaposaidia. Walimu ni wengi, hakuna mmoja anayeuona wito wa kijana kama tishio kwa kiti chake.

Mwanzisha mada

Hoja nzito hiyo, siwezi kuiruka. Ila mwalimu wa darasani hamwoni mwanafunzi wake anavyomkemea mkewe, anavyoshika sadaka, au anavyokaa na aliyefiwa. Sifa nyingi za askofu katika 1 Timotheo 3 ni za mwenendo: asiwe mlevi, asipende fedha, aisimamie nyumba yake vema. Uwezo wa kufundisha ni moja tu. Zile nyingine utazisahihishaje kwenye karatasi ya mtihani?

Basi naongeza sharti. Mchungaji ambaye hajawahi kumlea mtu akamwachia mimbari na kundi, asikabidhiwe wanafunzi. Tusimhesabie miaka aliyotumika, tumuulize: uliowalea wako wapi, na wanahudumu? Mwenye kipimo bora cha kumpima mlezi akilete.