Kibango cha Mama Neema

*Mama Neema:* Shikamooni wakubwa. Nimeletewa barua na chama cha wenye nyumba wa mtaa wetu. Ning'oe kibango cha mgombea wa bodi ya shule ndani ya siku 7, la sivyo faini. Usiku kucha sijalala.

*Baba Zawadi:* Pole sana dada. Kiko wapi hasa?

*Mama Neema:* Kwenye majani mbele ya nyumba, pale penye mti.

*Bi Salma:* Mwanangu, king'oe yaishe. Sisi hapa Texas tumekuja juzi tu.

*Mama Neema:* Asante kwa ushauri Bi Salma, na hofu yangu ndiyo hiyo. Nina grini kadi tu, kibali cha kuishi Marekani, hata kura sipigi.

*Baba Zawadi:* Hupigi kura, lakini kusema unaruhusiwa. Soma kifungu 202.009 cha sheria ya mali ya Texas. Chama hakiwezi kukuzuia kuanzia siku ya 90 kabla ya uchaguzi mpaka karibu siku ya 10 baada yake. Uchaguzi ni Novemba 3, kwa hiyo tangu Agosti 5 umelindwa. Ila kisizidi futi 4 kwa 6, na wanaweza kudai kiwe kimoja kwa kila mgombea na kisimikwe ardhini.

*Asha:* Shikamooni. Chuoni tulisoma kesi ya Margaret Gilleo wa Ladue, Missouri. Mwaka 1990 aliweka bango uani kwake kupinga vita vya Ghuba. La kwanza likatoweka, la pili likaangushwa, na alipokwenda polisi akaambiwa mji wenyewe unakataza. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki, majaji wote 9. Lakini yeye alishtaki mji, yaani serikali. Chama cha mtaa ni mkataba wa watu binafsi, kwa hiyo mama ashike hicho kifungu cha Baba Zawadi.

*Mama Neema:* Nimetoka na futikamba. Futi 2 kwa moja na nusu. Lakini nilikifunga kwenye mti kwa kamba!

*Baba Zawadi:* Hapo ndipo walipokupatia. Sheria hailindi kilichofungwa kwenye mti. Kisimike kwa vigingi vyake, na usikisogeze kando ya lami, ukanda ule ni wa barabara.

*Bi Salma:* Basi uwajibu kwa maandishi, utaje kifungu. Ukishakisimika, ukipige na picha.

*Asha:* Mama, barua nitakuandikia mimi leo jioni.

*Mama Neema:* Asanteni jamani. Nakifungua kamba sasa hivi.